Malipo na Gharama: Maisha ya Mathias Mnyampala na Swali la Msingi wa Maadili

1.0 Utangulizi

Katika falsafa ya maadili liko swali lililojadiliwa kwa muda mrefu barani Asia, nalo ni kama dhana ya karma, hasa kama inavyofundishwa na Wabuddha, inaweza kuwa msingi wa maadili ya watu wa zama hizi. Kwa kifupi, dhana hiyo inashikilia kwamba tendo linalofanywa kwa nia ni sawa na mbegu: humzalia mtendaji matunda yanayolingana nalo, ama katika maisha haya ama katika maisha yatakayofuata. Wanaoikubali husema kuwa inampa kila mtu sababu ya kutenda mema pasipo kuhitaji hakimu wala askari. Wanaoikataa husema kuwa inawatwisha wanyonge lawama ya unyonge wao wenyewe, kwa kuwa anayeteseka leo huhesabiwa kuwa alitenda uovu jana.

Swali hili si geni kabisa katika Afrika Mashariki. Wasinhala kutoka Seiloni, ambayo sasa ni Sri Lanka, walikuwa na hekalu lao la Kibuddha mjini Dar es Salaam mapema katika karne ya 20, na wafanyabiashara wa Kihindu waliofuata Reli ya Kati walifika hadi Dodoma na kuendelea bara. Hata hivyo, swali lenyewe ni pana kuliko jina la karma. Kila jamii inayoamini kuwa matendo hulipwa hukabiliwa nalo, iwe inataja kuzaliwa upya au haitaji.

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika maisha ya mtu mmoja wa uwanda wa kati wa Tanzania, Mathias Mnyampala (1917-1969), mshairi, mwanahistoria na hakimu. Mnyampala hakuwa Mbuddha, bali Mgogo na Mkristo wa madhehebu ya Katoliki. Hata hivyo, maisha yake yalipita katika mifumo mitatu ya malipo, yaani ule wa mila, ule wa dini na ule wa dola, na kazi zake nyingi zilikuwa za kuwaonya watu kuhusu matokeo ya matendo yao. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani ya malipo inaweza kuwa msingi wa maadili pale tu inapomwelekea mtendaji na kumwonyesha gharama anayopaswa kuibeba. Inapogeuzwa kuwa maelezo ya mateso ya mtu mwingine, hubomoa maadili iliyokusudiwa kuyajenga.

2.0 Kuzaliwa Wakati wa Mtunya

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika eneo la Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Mwaka huo una uzito wake katika historia ya Ugogo, kwani ndipo ilipoanza njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya na ambayo athari zake ziliendelea hadi mwaka 1920. Ugogo ni nchi ya mvua chache na zisizotabirika, na watu wake wamezoea kuzipa njaa kubwa majina yake. Lakini Mtunya ilizipita nyingi zilizotangulia. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walipoteza maisha katika eneo lililokuwa na watu wapatao 150,000.

Chanzo cha maafa hayo hakikuwa ukame peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani lilitwaa ng'ombe na nafaka za Wagogo na kuwachukua vijana wao kuwa wapagazi. Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916, nao wakatwaa ng'ombe na watu. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, maghala yalikuwa tupu, mazizi yalikuwa yamepungukiwa na mifugo ambayo kwa kawaida ingebadilishwa kwa chakula, na nguvu kazi ilikuwa imetawanyika. Wanahistoria walioichunguza Mtunya, akiwamo Gregory Maddox, wamesisitiza kuwa vita ndivyo vilivyougeuza ukame wa kawaida kuwa maangamizi.

Jambo hili ni la msingi kwa mjadala wa maadili. Mtoto aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 hakuwa ametenda lolote. Wala wazazi wake na majirani zake hawakuwa wameanzisha vita vilivyopiganwa na mataifa ya Ulaya katika ardhi yao. Nadharia yoyote inayodai kuwa kila ateseke huwa anavuna alichopanda lazima ijibu hoja ya Mtunya. Ikijibu kwa kusema kuwa waliokufa walikuwa na deni lisiloonekana, itakuwa imewaondolea lawama waliotwaa ng'ombe na nafaka, na kuwaongezea waliokufa aibu juu ya kifo chao.

3.0 Malipo Katika Mila ya Kigogo

Mnyampala alikulia katika jamii iliyokuwa na fikra zake yenyewe kuhusu uhusiano wa tendo na matokeo. Mtaalamu wa elimu ya jamii Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliieleza kwa kirefu dhana ya mbeho. Kwa asili neno hilo lina maana ya upepo au baridi, lakini katika matumizi ya kimila hutaja hali ya neema au ya nuksi inayolikumba eneo zima pamoja na watu, mifugo na mashamba yaliyomo. Mtemi, mwenye kigoda na mawe ya mvua, ndiye aliyekuwa na dhamana ya kuitunza hali hiyo.

Hali ilipoharibika, kwa mfano ng'ombe walipopatwa na maradhi, jamii haikuishia kumtafuta mkosaji mmoja. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na kuchunga ng'ombe, kisha wakacheza ngoma ya kuiondoa nuksi na kuitupa nje ya eneo lao. Tofauti ya mfumo huu na karma ni bayana. Karma humfuata mtu mmoja mmoja, kwa hesabu yake peke yake, hata baada ya kifo. Mbeho huwafuata watu wote wa eneo, na kuisafisha ni kazi ya wote.

Mfumo wa mila ulikuwa na nguvu yake na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba haukumwacha mtu peke yake na balaa lake. Hata madhara yaliyotendwa na mtu mmoja yalimalizwa kwa fidia ya mifugo, ambayo ndugu wa mkosaji walichangia na ndugu wa mkosewa wakapokea. Udhaifu wake ni kwamba, pale balaa lilipozidi, mila hiyohiyo ilifungua mlango wa kumshuku jirani kuwa ni mchawi, au kumlaumu mtemi kuwa amezuia mvua. Kwa hiyo mantiki ileile iliyoijenga jamii ingeweza pia kumtoa kafara mtu asiye na hatia.

Mwaka 1954 Mnyampala alichapisha kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ilikuwa ni mara chache wakati huo kwa Mwafrika wa bara kuandika historia ya watu wake kwa Kiswahili, na kitabu hicho kimeendelea kutumiwa na watafiti hata kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995. Kwa kuziandika mila hizo katika lugha ambayo haikuwa ya Wagogo pekee, Mnyampala alizitoa katika mipaka ya eneo moja na kuziweka mbele ya wasomaji wa nchi nzima. Tangu hapo swali lake likawa la wote: maadili yaliyotegemea mipaka ya utemi yangesimama juu ya nini katika nchi yenye makabila na dini nyingi?

4.0 Mwalimu, Karani, Liwali na Hakimu

Maisha ya kazi ya Mnyampala yalimpitisha katika ngazi kadhaa za utumishi. Alipata elimu yake chini ya misheni ya Kikatoliki, akafundisha kwa muda, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni akiwa karani. Baadaye alipanda hadi kuwa liwali, na hatimaye hakimu. Hivyo mtu aliyezaliwa wakati dola ilipotwaa ng'ombe wa Wagogo alikuja kuwa sehemu ya utumishi wa dola.

Kazi ya mahakama ilimweka katika mfumo mwingine wa malipo. Katika mahakama hakuna nafasi ya kudhani kuwa kila aliyepatwa na dhara alistahili dhara hilo. Hakimu huanza kwa kuuliza nani alitenda, kwa kusudi gani, na kwa ushahidi upi. Hapa pana mfanano mkubwa na fundisho la Kibuddha kuhusu nia, kwa kuwa katika yote mawili tendo hupimwa kwa kusudi la mtendaji. Tofauti ni kwamba sheria humtaka anayedai athibitishe, ilhali karma huchukuliwa kuwa inajiendesha yenyewe pasipo shahidi.

Hata hivyo, mahakama nayo ina upungufu. Adhabu na faini huenda serikalini, na mara nyingi aliyekosewa hurudi nyumbani mikono mitupu. Fidia ya ng'ombe iliyotajwa hapo juu ilikuwa imemtazama mkosewa kwanza. Liwali na hakimu wa Kigogo alisimama kati ya mifumo hiyo miwili, mmoja ukimwadhibu mkosaji na mwingine ukimtaka agharimie alichoharibu. Tofauti hii ya kuadhibiwa na kugharimia itarejewa katika hitimisho.

5.0 Mshairi wa Waadhi

Katika ushairi, Mnyampala aliingia katika uwanja uliokuwa umetawaliwa na washairi Waislamu wa pwani, au wale waliofuata utaratibu wao wa vina na mizani. Alishirikiana kwa karibu na Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924-1964), ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Mkatoliki wa Ihumwa na sheikh wa Ahmadiyya walikutana katika imani kwamba ushairi wa Kiswahili ni chombo cha kuwafunza watu wote.

Ushirikiano huo ulikuwa na upande wake wa kiisimu. Mtu anayetunga kwa Kiswahili hurithi msamiati mzima wa malipo uliokwisha kujengwa: thawabu, jaza, ujira, adhabu, laana, radhi. Maneno hayo yalikuja na mafundisho ya Kiislamu lakini yameshakuwa mali ya kila msemaji. Kwa hiyo Mkristo, Mwislamu na mfuasi wa mila wanaweza kubishana kuhusu malipo kwa maneno yaleyale, japo kila mmoja akiyaelekeza kwenye imani yake. Uwezekano huu wa lugha ndio uliomwezesha Mnyampala kutoa nasaha kwa taifa zima bila kumtaka kila msomaji awe na dini yake.

Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Jina la kitabu hiki cha pili linatangaza kazi yake: waadhi ni mawaidha, na mshairi ni mwenye kuwaidhi. Katika miaka hiyohiyo alitoa pia Utenzi wa Enjili Takatifu (1963) na Utenzi wa Zaburi (1965), vyote viwili vikichapishwa na misheni ya Ndanda. Kazi hizi mbili zina nafasi ya pekee katika mjadala huu. Ndani ya Zaburi yamo malalamiko ya mcha Mungu anayewaona waovu wakistawi huku yeye akiteseka. Ndani ya Enjili ya Yohana kimo kisa cha kipofu tangu kuzaliwa, ambaye wanafunzi waliuliza kama upofu wake ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake, nao wakajibiwa kuwa haukutokana na lolote kati ya hayo. Mshairi aliyechukua matini hizo na kuzitia katika mapokeo ya utenzi alikuwa akifanya kazi na maandiko ambayo yanahubiri malipo na papo hapo yanakataza kuyatumia kumhukumu anayeteseka.

6.0 Azimio la Arusha na Ngonjera

Tarehe 5 Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Kwa upande wa maadili, Azimio lilikuwa na masharti mazito: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni, wala kupangisha nyumba. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha washairi na kuwataka waieleze siasa hiyo kwa wananchi. Mnyampala, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA), aliuitikia wito huo kwa bidii kubwa.

Njia yake mashuhuri ilikuwa ngonjera, yaani majibizano ya kishairi yanayofanywa jukwaani na watu wa pande mbili zinazopingana. Ngonjera zake zilisambaa katika shule na mikutano ya hadhara, na zilichapishwa katika vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA, mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake. Miongoni mwa maandiko yake umo pia mswada wa Azimio la Arusha na Maandiko Matakatifu, ambao jina lake pekee linaonyesha jitihada ya kuisimamisha siasa ya ujamaa juu ya msingi wa kidini.

Ngonjera ilileta jambo jipya katika waadhi. Katika mawaidha ya kawaida mshairi husema peke yake na msikilizaji hunyamaza. Katika ngonjera mpinzani hupewa zamu yake. Mvivu, mnyonyaji au mwenye shaka husimama na kutoa sababu zake, na lazima ajibiwe kwa sababu. Kwa kiasi hicho, maadili yaliacha kutegemea hofu ya malipo pekee na kuanza kutegemea hoja zinazoweza kusikilizwa na watu wa imani mbalimbali.

Lakini wahakiki wa baadaye wameona udhaifu wa umbo hilo. Mwisho wa ngonjera huwa umeamuliwa kabla ya kuanza, na mpinzani hukubali kushindwa. Hatari yake ilionekana Ugogo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mara tu baada ya kifo cha Mnyampala mwaka 1969, Operesheni Dodoma iliwahamisha wakazi wa mkoa huo na kuwaingiza katika vijiji vya ujamaa. Katika mazingira kama hayo, lugha ya jasho na malipo ingeweza kugeuzwa kwa urahisi, umaskini wa mkulima ukaelezwa kuwa ni malipo ya uvivu wake, na ukame wa nchi yake na historia ya kunyang'anywa mifugo vikasahauliwa. Kosa lilelile la Mtunya lingerudi likiwa limevaa nguo za siasa.

7.0 Kurejea Karma

Kosa hilo ndilo lililompa shida B.R. Ambedkar (1891-1956), mwanasheria wa India aliyezaliwa katika tabaka lililohesabiwa kuwa najisi. Aliona wazi kuwa fundisho la karma ya maisha yaliyopita lilikuwa limetumiwa kuwaambia watu wa tabaka lake kwamba walistahili kudharauliwa. Alipoingia katika Ubuddha huko Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956, pamoja na wafuasi mamia ya maelfu, hakulibeba fundisho hilo kama lilivyokuwa. Katika kitabu chake kuhusu Buddha na mafundisho yake, kilichotoka mwaka 1957 akiwa amekwisha kufa, alikataa kwamba hali ya mtu ya kuzaliwa ni malipo ya matendo ya zamani. Alichokihifadhi ni wazo kwamba utaratibu wa maadili duniani hutegemea matendo ya wanadamu wenyewe: yakiwa mema utaratibu huwa mwema, na yakiwa maovu huwa mbaya.

Tafsiri hiyo haikuzuka bila msingi. Maandiko ya kale ya Kibuddha yenyewe yanasimulia kuwa Buddha aliwapinga waliodai kwamba kila maumivu hutokana na matendo yaliyopita, na kwamba alitaja sababu nyingine, yakiwamo magonjwa ya mwili na mabadiliko ya hali ya hewa. Wabuddha wengi hawakubaliani na Ambedkar kuhusu kuzaliwa upya, na ubishi huo haujaisha. Hata hivyo, mwelekeo wa hoja yake unaangaza pia habari za Ugogo. Mtu hawezi kuanza na mateso na kurudi nyuma hadi kwenye dhambi, ila anaweza kuanza na tendo lake mwenyewe na kwenda mbele hadi kwenye matokeo yake kwa wengine.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Mnyampala yanaonyesha mifumo mitatu ya malipo na upungufu wa kila mmoja. Mila iliwakusanya watu pamoja lakini iliweza kumshuku asiye na hatia. Mahakama ilidai ushahidi lakini ilimsahau mkosewa. Mawaidha ya dini na siasa yaliwafikia watu wengi lakini yaliweza kumfunga mdomo mwenye shaka. Hakuna hata mmoja uliotosha peke yake, na karma nayo, ikiwa peke yake, isingetosha.

Mnyampala aliacha pia maandishi ya maisha yake mwenyewe, yaliyochapishwa mwaka 2013 kwa jina la Maisha ni Kugharimia. Jina hilo linafaa kuchambuliwa. Nomino malipo haimtaji mlipaji wala mlipwaji. Mambo huonekana kana kwamba yanajilipa yenyewe. Kitenzi gharimia kina mwelekeo mwingine. Kimo katika kauli ya kutendea, na kauli hiyo inadai shamirisho: anayegharimia lazima agharimie kitu au mtu. Katika jina la kitabu shamirisho hiyo haikutajwa, na kila msomaji analazimika kuijaza kwa maisha yake.

Baina ya maneno hayo mawili ndipo lilipo jibu la swali lililofungua makala haya. Fundisho la malipo, liwe la karma, la mbeho au la mawaidha, lina nguvu ya kumfanya mtu atazame matokeo ya matendo yake, na nguvu hiyo si ya kudharauliwa katika maadili ya leo. Lakini linakuwa msingi halali pale tu linaposemwa na mtu kuhusu nafsi yake, kama gharama anayoikubali. Likisemwa na aliyeshiba kuhusu mwenye njaa, halina haki ya kuitwa maadili. Mtoto wa Ihumwa wa mwaka 1917 hakuwa na deni la kulipa. Waliotwaa ng'ombe wa nchi yake ndio waliokuwa na gharama, na hawakuigharimia.